Mstari wa Pili Ulitokea Jioni

Shangazi wangu wa gazetini, shikamoo. Mimi si mtu wa barua, mimi ni fundi seremala, na hii ni barua yangu ya pili maishani baada ya ile niliyomwandikia mwalimu wa darasa la sita nikijifanya baba yangu, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana usishangae, naandikia juu ya benchi la kupigia randa na penseli yenyewe ni ile ya kuwekea alama mbao. Nina jambo limenikaa kooni siku kumi na mbili, halipandi halishuki, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana najua utanikasirikia tu.

Nina miaka arobaini na sita. Karakana yangu iko kwenye kona, natengeneza makabati, vitanda, meza, na makochi nikipata kitambaa kizuri, na wateja wananiita Fundi Msasa kwa sababu kazi siitoi mpaka nimeipiga msasa mara tatu, na wapo wenye midomo wanaosema mtu akiagiza kwangu kitanda cha harusi atakipokea mtoto wake wa kwanza akiwa anaota meno. Hayo ni maneno ya watu. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna duka la fotokopi na kuchapa barua, na mwenye duka ndiye mke wangu, watu wanamwita Mama Nakala, na nikikwambia mimi na huyo mwanamke tunaishi kwa raha usidhani natia chumvi, maana nilikuwa nimeshakata tamaa na mambo ya ndoa, dada yangu alikuwa ananiombea kila mahali, kumbe mtu mwenyewe yuko hatua ishirini, anahangaika na mashine inayotafuna karatasi.

Tulianza kwa rafu. Alikuja kuagiza rafu ya kuwekea karatasi, nikaenda kupima ukuta, nikarudi kuupima tena, nikarudi mara ya tatu, mpaka akaniuliza, "Fundi, huu ukuta unaurefusha au unaupima?" Basi ikawa mazungumzo, na wiki hiyohiyo, kabla hata sijamshika mkono, alizima mashine, akanivutia kiti, akasema, "Kaa, fundi. Mimi naishi na virusi vya UKIMWI, huu mwaka wa tisa. Nameza dawa kila siku, na nikipimwa wingi wake havionekani. Mlango ule pale uko wazi, ukitaka kwenda nenda, wala sitakusema kwa mtu." Shangazi, mimi nikamwambia, "Kwa hiyo rafu unaitaka ya ngazi tatu au nne?" Akacheka mpaka akashika tumbo, halafu akalia, halafu akasema nne.

Nilikwenda naye kliniki kabla ya kumuoa, muuguzi akanieleza kwamba mtu akimeza dawa vizuri na virusi vikawa havionekani hamwambukizi mwenzake, nikaelewa, nikatulia. Lakini siku moja kabla ya kwenda kwao kujitambulisha, mwenzangu alinishika shati akaniambia, "Nikuapie kitu. Ikitokea nimekuletea huu ugonjwa, siku hiyohiyo nafunga sanduku. Siwezi kukaa nyumba moja na mtu niliyemharibia maisha." Nikamwambia sawa, kama mtu anavyosema sawa kwa jambo ambalo hategemei litokee.

Ni mwaka wa pili sasa. Saa moja asubuhi simu yake inalia, mimi ndiye nampelekea glasi ya maji, anameza, ananirudishia glasi na neno la kunichokoza, siku yetu inaanza hivyo. Kila miezi sita tunakwenda kliniki pamoja, yeye anatolewa damu ya kupima wingi wa virusi, mimi napimwa kwa kile kipimo cha haraka, mstari mmoja, tunarudi nyumbani tunatembea taratibu kama watu waliotoka kutembelea jamaa. Safari hii nilikuwa na madawati sitini ya shule, sikuweza kwenda. Akaenda peke yake, akarudi na kiboksi kidogo, akaniwekea juu ya benchi. "Muuguzi kakupa ujipime mwenyewe. Karatasi ya maelekezo imo ndani. Uisome." Nikamjibu, "Mimi nimesoma shule." Akasema, "Ndiyo maana nakwambia uisome."

Niliisoma, Shangazi, ila upande mmoja. Ule wenye picha za kidole na tone la damu niliuelewa vizuri, nikawa nageuza ule wa pili, akaingia mteja mwenye haraka zake anataka kabati la nguo, sikuona karatasi nyingine karibu, nikamwandikia urefu na upana palepale kwenye nafasi iliyobaki, akasema ngoja nikamwonyeshe mke wangu, akaondoka nayo. Nikasema si neno, nimeshaona wanavyofanya kliniki.

Nikajipima saa saba mchana, watu wamekwenda kula. Kidole changu kina sugu ngumu kama kisigino, kile kisindano kiliruka kikagota, damu ikagoma kutoka, nikakikamua mpaka nikapata tone, nikalitia kwenye kitundu, nikaongeza matone ya ile dawa ya kwenye kichupa, nikatega saa. Dakika ya kumi na tano, mstari mmoja kwenye herufi C. Dakika ya ishirini, bado mmoja. Mtu mwingine hapo angeshukuru Mungu akaenda kula. Mimi nikasema hapana, hii kazi bado mbichi. Mzee aliyenifundisha useremala alikuwa akinipiga kofi la kisogoni kila nilipogusa vanishi kabla ya wakati, anasema kazi mbichi ni kazi ya uongo, iache ikauke ndiyo ikwambie ukweli. Basi nikakiweka kile kipimo dirishani penye jua ili kikauke vizuri, nikarudi kwenye madawati yangu, na saa kumi na moja jioni, nakunja vifaa, nikakikumbuka, nikakichukua, nikaona mstari wa pili.

Mwembamba, umefifia, kama alama ya penseli iliyofutwa nusu. Lakini upo. Nimeuangalia kwa miwani na bila miwani. Nikakifunga ndani ya kipande cha msasa, nikakitia kwenye kopo la skrubu za inchi mbili, na kila asubuhi nafungua kopo nachungulia, mstari haujaondoka.

Jioni ile aliniuliza, "Vipi, umejipima?" Nikasema, "Bado, madawati yamenibana." Ndio uongo wa kwanza niliomwambia tangu nimjue, na wa pili ulifuata saa hiyohiyo, nikasema mgongo unaniuma, afadhali nilale kwenye kochi la sebuleni, maana niliogopa kumrudishia yeye virusi vibaya zaidi, sijui kama vipo vya namna hiyo. Sasa kila jioni tukitoka kazini ananiketisha kwenye kigoda ananichua na dawa ya misuli, anachua kwa nguvu zake zote, anachua mgongo mzima usiouma, na mimi nagumia kwa uongo. Juzi aliacha kuchua katikati, akaniuliza, "Baba, kuna kitu nimekukosea?" Nikasema, "Hapana, ni mgongo tu." Akafunika kopo la dawa, akaenda kunawa mikono.

Shangazi, mimi kuumwa siogopi. Yeye ana afya kuliko mimi, anabeba maboksi ya karatasi mimi nikisimama kupumzika. Ninachoogopa ni kufika nyumbani nikute sanduku limefungwa. Nimefikiria niende mji mwingine nisikojulikana, nianze dawa kwa siri, niwe nameza hapa karakana, na yeye asijue mpaka nakufa. Naomba unieleze, hiki kipimo kinafanyaje kazi hata kiseme mchana hivi na jioni vile, dawa yake imeshindwa au nini, na huo mpango wangu unauonaje. Nijibu upesi, maana ile dawa ya misuli inawasha.

Wako, Fundi Msasa

*

Marahaba, Fundi. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa nina ruhusa ya kukasirika.

Naanza na hili. Majina ya utani uliyoniandikia nimeyabadilisha yote mawili, pamoja na vitu vingine ambavyo jirani angevitambua. Afya ya mkeo ni siri ya mkeo. Wewe ulikuja kuniuliza habari za kidole chako ukanimwagia na za kwake bila kumwomba ruhusa, na hilo nalo utamwomba radhi. Ila yeye mwenyewe akilishika gazeti hili, mstari wa tatu tu atakuwa ameshakujua, kwa hiyo ukisoma haya kabla yake una bahati, usiichezee.

Kabla sijaanza kusoma barua za watu nilikaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kupimia damu. Nimeona watu wakiogopa mistari ya kila aina. Nilimpata mama mmoja aliyehifadhi kipimo chake kwenye kabati la vyombo, akawa anakichungulia wiki nzima kama mtu anayengoja yai lianguliwe. Kwa hiyo usijione mjinga peke yako, mko wengi.

Sasa nisikilize. Hicho kiplastiki ulichokizika kwenye skrubu hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako huwatengeneza ukishavamiwa na virusi. Ndani yake mna kitepe cha karatasi inayonyonya. Unatia damu kwenye kitundu, unaongeza ile dawa ya kichupani ambayo kazi yake ni kuisukuma damu isonge mbele, na vyote vinapanda kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Njiani vinakutana na rangi, vinaizoa, vinaendelea nayo. Penye herufi T, wenye kiwanda wamepaka mstari usioonekana, wa vipande vilivyotengenezwa vifanane na virusi. Havina uhai, haviwezi kumwambukiza hata sisimizi. Kama damu yako ina askari wa virusi hivyo, watanasa pale, rangi nayo itanasa, na utauona mstari. Kama hawamo, rangi inapita zake, na T inabaki nyeupe.

Mbele kidogo kuna C. Hapo mstari lazima utokee kwa kila mtu, awe na virusi au asiwe navyo, kwa sababu C haikuhusu wewe, inakihusu kipimo chenyewe. Inasema damu imefika, dawa imefika, kazi imefanyika. C isipotokea, hata T iwake kama taa, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Mstari mmoja kwenye C maana yake hawakuonekana askari. Mistari miwili maana yake kuna kitu kimenaswa, nenda kituo cha afya wakakupime upya. Hakuna zaidi ya hapo, na yote haya yalikuwa kwenye ile karatasi.

Na tufike kwenye muda, maana hapo ndipo ulipojikaanga. Kila kipimo kina dakika zake za kusomwa, vingi ni kuanzia kumi na tano hadi ishirini, vingine zaidi kidogo, na dakika zenyewe zimeandikwa kwenye maelekezo. Zako zilikuwa upande wa pili, ule ambao hivi sasa uko kwa mwenye kabati la nguo. Wewe mtu unayepima ukuta mara tatu ili uweke rafu moja, jambo la damu yako ukalisoma nusu! Ningekuwa karibu ningekurudishia lile kofi la kisogoni, Mungu amrehemu mzee wako kama hayupo.

Mzee wako hakukosea kuhusu vanishi. Lakini karakana hiyohiyo ina ile gundi ya njano ya kupaka pande mbili, au huna? Ukibandika mapema inateleza. Ukingoja dakika zake ukabandika, inashika mpaka kiama. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa mbili, imekufa, na wala hurudi kumlaumu mwenye kiwanda. Kipimo hiki ni cha ukoo wa gundi, si cha ukoo wa vanishi. Ukikisoma mapema hakijafika, ukikichelewesha kimeshaondoka. Maji ya kwenye karatasi yanapokauka, tena wewe ukakianika juani, rangi iliyokuwa inapita huweza kubaki imekwama palepale kwenye T na kuchora kitu kama mstari. Umemwaga maji mara ngapi juu ya mbao, ukakuta asubuhi yameacha alama? Ile alama si ufa wa ubao, na huo mstari wako wa saa kumi na moja si jibu. Kuuchungulia kila asubuhi ni kujitesa tu. Umekauka, utakwenda wapi?

Lakini usije ukasimama barazani ukatangaza kwamba Shangazi kasema mstari uliofifia si kitu. Ungetokea ndani ya dakika zake, hata ungekuwa mwembamba kama unywele, ningekwambia huo ni mstari, funga mlango uende kliniki. Wako ni wa kutupa kwa sababu moja tu, ulikuja saa nne baada ya kujipima.

Je, una virusi? Jibu lililosomwa kwa wakati lilikuwa la dakika ya ishirini, nalo lilisema mstari mmoja. Hata hivyo sikupi cheti kwa jibu hilo, maana tone lenyewe ulilikamua kwenye sugu kwa mabavu, na sijui lilikuwa tone kamili au nusu yake. Kwa hiyo sisemi unavyo, sisemi huna. Nasema jibu la kutembea nalo bado hujalipata, na linapatikana kliniki kwa muda mfupi kuliko unaotumia kupiga msasa mguu mmoja wa kiti. Na ujue hakuna mtu anayeambiwa ana virusi kwa kipimo kimoja. Cha kwanza kikionyesha mistari miwili, wanapima kwa cha pili cha aina nyingine, na zaidi ya hapo, mpaka waridhike. Wewe ulijihukumu kwa kimoja, tena kilichokauka.

Kuna jambo moja watu hulisahau. Askari wale hawaonekani siku ya pili ya kuvamiwa, mwili unahitaji wiki kadhaa kuwatengeneza, na kwa wengine hata miezi mitatu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hatarini mwezi uliopita akipata mstari mmoja leo, arudi kupima tena. Kwako wewe, hatari hiyo ingetoka wapi? Mkeo anameza dawa kila siku, saa ileile, na glasi ya maji unampelekea wewe mwenyewe. Kipimo cha wingi wa virusi hakivioni. Mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Sikusema huambukiza mara mojamoja, nimesema hamwambukizi, mradi aendelee na dawa na virusi viendelee kutoonekana. Huyo si wa kushukiwa. Ila kama kuna karakana nyingine ulikopeleka randa yako, hilo unalijua wewe na Mola wako, na muuguzi utamwambia kwa sauti ndogo.

Kuhusu kuhamia kwenye kochi ili kumkinga, nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Mtu ana mwavuli wa dawa mwaka wa kumi na moja huu, wewe ndiye unakimbia kumfunika na ukurasa wa gazeti. Rudi kitandani kwako.

Na huo mpango wa mji mwingine nisiusikie tena. Kama kliniki itakukuta na virusi, utaanza dawa palepale, pengine siku hiyohiyo, utameza kidonge chako asubuhi, utaendelea kuwachelewesha wateja wako, na utazeeka. Mfano unaouhitaji unaishi nao, anabeba maboksi wewe ukipumzika. Dawa hizi zinataka kumezwa kila siku bila kuruka, na anayemeza kwa kujificha nyuma ya kopo la skrubu siku moja atakosa nafasi, kesho ataruka, keshokutwa ataacha. Nimewazika watu wa hivyo. Hawakufa kwa virusi, walikufa kwa aibu.

Sasa tuje kwenye sanduku, maana najua hilo ndilo lililokuandikisha barua.

Mkeo alikwambia atafunga sanduku. Nimeyasikia maneno hayo kwa wake na kwa waume wengi, na nikwambie huwa yana maana gani. Mtu anayesema hivyo anaogopa kuwa mzigo. Anakupa ruhusa mapema umchukie, ili siku ikifika asiumie sana. Hukupaswa kujibu sawa. Ulipaswa kumwambia sanduku hilo nitalipigilia misumari. Umekaa miaka miwili na ile "sawa" yako, na yeye amekaa nayo pia.

Halafu mwangalie sasa yuko wapi. Mumewe amehama chumba. Hamgusi. Anamwambia ni mgongo, na mwanamke anayeshika mgongo kila jioni anajua upi unauma na upi hauumi. Unadhani alipokuuliza kama amekukosea alikuwa anawaza nini? Alikuwa anawaza kwamba hatimaye umechoka kuishi na mgonjwa. Miaka kumi na moja amekuwa akijiandaa kulisikia hilo kwa mtu, na wewe umemsikilizisha siku kumi na mbili mfululizo bila kufungua mdomo. Fundi, nimekasirika hapa kuliko pale kwenye karatasi. Unaogopa atakuacha, na wakati huohuo wewe ndiye uliyeondoka.

Yeye alikwambia ukweli wake wiki ya kwanza, na alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Hakukujua, hakuwa na uhakika nawe, mlango uko wazi, na bado alizima mashine akasema. Wewe una mke, una nyumba, una miaka miwili ya kumjua, na mkononi huna ukweli wowote, una alama ya maji yaliyokauka, na ukashindwa kusema. Tena ndani ya nyumba hiyo yeye ndiye anayeyajua mambo haya kuliko mtaa mzima. Umemruka mwalimu umekuja kuuliza gazeti.

Nakupenda, Fundi. Mwanamume aliyeambiwa jambo zito hivyo akauliza ngazi tatu au nne si mtu wa kawaida, na mwanamke yule hakukosea kukuchagua. Ndiyo maana nakugombeza kwa sauti kubwa.

Fanya hivi. Weka gazeti chini, madawati yangoje, nenda alipo mkeo umwombe azime mashine. Usianze na habari za mstari, atashtuka bure. Anza hivi: mgongo wangu ni mzima, nilikudanganya. Halafu: nilijipima, nikasoma vibaya, nikaogopa utaondoka. Halafu mpe kopo la skrubu afungue mwenyewe. Atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake, usimkatize, usijitetee na madawati. Akikuuliza kwa nini, sema kwa sababu nakupenda na mimi ni mwoga, yote mawili ni kweli. Akishatulia, na hapo hesabu siku, si dakika, mwambie sanduku halifungwi nyumba hii, kipimo kiseme kinavyotaka kusema.

Kesho yake asubuhi nendeni kliniki. Hicho kiplastiki na sindano yake vifunge vizuri, uwapelekee wavitupe, kisibaki kitu cha kuchungulia. Mweleze muuguzi kila kitu, pamoja na sugu, akutoboe pembeni ya kidole ambako ngozi ni laini. Mwombe mkeo aingie nawe chumbani, inaruhusiwa mkikubaliana. Muuguzi atatega saa, na mtakaa dakika hizo mkitazamana, zitakuwa ndefu kuliko wiki hizi mbili.

Wakati ukitimia, kipimo usikishike wewe. Siku kumi na mbili ulikaa peke yako na jibu lisilo jibu. Hili la kweli, liwe lolote, lisomeni nyote wawili.